Lengalenga Nilizozikata Mbichi

Mvua inapoanza kunyesha Goma, harufu inayopanda si ya udongo. Ni harufu ya jiwe, kali kidogo, kama chungu kilichotoka mekoni kikamwagiwa maji. Mji wetu umekaa juu ya mawe meusi ambayo mlima uliyatapika yakiwa moto, na kila mwenye bustani pale aliipata kwa kubeba udongo kichwani, kikapu baada ya kikapu, na kuumwaga katikati ya mawe. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi niliivuta harufu hiyo siku nyingi kuliko nilivyotaka, nikiwa nimekaa juu ya jiwe moja, nikilinda lengalenga, mchicha wa kwetu, zisiliwe na ndege. Wakati huo nchi yetu iliitwa Zaire. Watu wa rika langu wanapozikumbuka enzi hizo husimulia miziki yake na vitenge vilivyopigwa pasi, nami huitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyaona. Sikuyaona. Msimu ule niliona ukuta wa mawe, paa la mabati, na mistari saba ya lengalenga.

Paraseli hiyo, kama tunavyoita kiwanja cha nyumba, ilikuwa Katindo. Mwenyewe alikuwa papa Musafiri, mume wa mama yangu mdogo Faida. Alikuwa dereva wa lori. Alipakia maharage na viazi Rutshuru akaenda navyo mbali, mpaka Butembo na Beni, na safari moja iliweza kula wiki tatu. Hakuwa mtu wa kelele. Aliporudi aliniletea mkate, akanishika kidevu na kuniuliza kama nimenenepa. Lakini kila alipoondoka alifunga lango la bati kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo akamwachia dada yake mkubwa, tantini Sifa, aliyekaa ng'ambo ya barabara. Tantini alikuja asubuhi mara moja kutufungulia tuteke maji pamoja naye, akaja alasiri mara moja kutazama kama tuko. Kwa majirani walisema ni kwa sababu ya wezi. Mama mdogo alikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto, alikuwa na uso ambao watu waliugeukia barabarani, na papa Musafiri aliamini kwamba mwanamke wa namna hiyo akitoka leo hatarudi kesho.

Mimi nilitoka milimani, upande wa Masisi, juu ya Sake. Papa Musafiri mwenyewe alikuja kuniomba kwa mama. Alisema Goma kuna shule nzuri, na kwamba mke wake ana upweke. Mama alikubali kwa ajili ya lile neno la kwanza. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya lile la pili. Mama alinipa na ujumbe. Nyanya yetu, mama yao yeye na Faida, alikuwa amekufa miezi michache kabla, na Faida hakuruhusiwa kuja kumzika. Baada ya mazishi jiko la nyanya liliungua, na kibuyu cha mbegu za lengalenga kilichoning'inia juu ya moto kikaungua nalo. "Mwambie Faida," mama alisema, "ile mbegu alienda nayo siku ya ndoa yake, asiitupe. Kwetu imeisha." Nilifika Katindo nikautoa ujumbe huo kabla hata ya kunywa maji. Mama mdogo aliketi chini. Kisha aliingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo kwenye pembe, akalifungua fundo akanionyesha mbegu ndogo nyeupe, ndogo kuliko kichwa cha sindano, zinazoweza kuenea katika kiganja cha mtoto.

Hizi hazikuwa lengalenga za sokoni. Mjini kila mtu hula majani. Mmea hung'olewa ungali mchanga, ukafungwa fungu, ukaishia kwenye sufuria. Lengalenga ya nyanya ililimwa kwa ajili ya mbegu. Iliachwa ikue mpaka imzidi mtu mzima, ikatoa kichwa kirefu chekundu kama mkia wa ng'ombe aliyelala kwenye matope ya mto, na mbegu zake zilipokaangwa kwenye chungu kikavu ziliruka kama bisi ndogo ndogo na kutoa harufu ya karanga. Unga wake ulikuwa uji wa mzazi na uji wa mtoto anayeachishwa ziwa. Mimi mwenyewe nimesimama kwa uji huo.

Niliuliza habari za shule wiki ya kwanza. Papa Musafiri alikuwa anafunga viatu vyake, tayari kuondoka.

"Masomo ya huu mwaka imeisha kuanza, mutoto yangu," alisema. "Mwaka ule unakuja. Nitakununulia mupaka viatu."

Kisha mnyororo ukalia kwenye bati, na mama mdogo akanipa jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya tano. Tulichanganya mbegu na majivu ili zisimwagike zote mahali pamoja, tukazitupia katika mistari ambayo alikuwa ameitengeneza kwa udongo wa kubeba. Zilipoota alinifundisha kupunguza, tukaacha mmea mmoja kila urefu wa mkono. Zilipofika gotini alipita akizikagua moja moja, na kila aliyoona ina shina jembamba na jani lililochongoka aliing'oa. Alisema hizo ni za porini, mbegu zake nyeusi, na zikiachwa zitoe maua karibu na zetu zitaziingilia, na mwaka wa pili hutajua tena ni ipi ya nyanya. Alikuwa na ukali katika kazi hiyo ambao sikuuona mahali pengine popote. Kwa mumewe alikuwa na sauti ya chini, kwa wifi yake alikuwa na "ndiyo yaya", yaani ndiyo dada mkubwa, lakini kwenye mistari ile saba alikuwa mwenye nyumba.

Jioni moja nililia mpaka nikapata kwikwi, nikamwambia nataka kwetu. Alinisubiri nimalize.

"Sikia, Riziki," alisema. "Hii lengalenga ikikomaa, ikauka, tukaipura, ni wewe utaipeleka nyumbani. Nitaongea naye. Mbele haijakomaa, hakuna njia."

Hayo ndiyo maneno niliyoyashika. Mtu mzima angeweza kuyasikia kama ahadi juu ya mbegu. Mimi niliyasikia kama hukumu yenye mwisho. Tangu siku hiyo sikuitazama tena lengalenga kama mmea. Niliitazama kama mfungwa anavyoutazama ukuta, nikitafuta imebaki kiasi gani. Asubuhi nilisikia watoto wa shule wakiimba mbele ya bendera mahali fulani nyuma ya nyumba za jirani, kisha wakikariri hesabu kwa Kifaransa, nami nilikariri pamoja nao kutoka kwenye jiwe langu bila kujua wako ukurasa gani. Ziwa lilikuwa karibu kiasi cha kunusa unyevu wake, lakini sikuliona. Nilichoona juu ya ukuta ni kichwa cha mlima na moshi wake. Siku ya salongo, Jumamosi, serikali ilipotaka kila mtu atoke na jembe au fagio kusafisha barabara, tulitoka na sisi, tantini Sifa akiwa katikati yetu, na mama mdogo alifagia polepole sana ili kazi isiishe. Sikumwelewa. Mimi nilikuwa nafagia haraka, nikidhani nikionekana hodari watanipeleka shuleni.

Vichwa vilipoanza kuwa vyekundu ndege walikuja, wale wadogo wenye midomo minene, makundi kwa makundi. Niligonga debe kuanzia asubuhi mpaka mikono ikafa ganzi. Jirani mmoja mwanamke aliegemea ukuta kwa upande wake akacheka: "Faida, hii lengalenga yako imekuwa miti? Utaikata na shoka?" Mama mdogo alicheka naye, akampitishia fungu la majani ya chini juu ya mawe. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake yote na ulimwengu.

Papa Musafiri aliporudi safari hiyo alisimama katikati ya bustani akaipima kwa hatua zake.

"Hii fasi yote nitaweka makala," alisema, akimaanisha makaa ya kuuza. "Gunia mingi inaenea hapa. Nikirudi tena nitakata hii majani."

"Si majani," mama mdogo alisema. "Ni mbegu ya mama."

"Basi itoke mbele sijarudi."

Aliondoka kesho yake. Mama mdogo alikaa muda mrefu akisugua kichwa kimoja katikati ya viganja vyake. Zilianguka punje chache. Aliniwekea mbili kwenye ulimi akaniambia niume. Zilibonyea kama unga uliokandwa. "Unaona?" alisema. "Iliyoiva inapasuka, inasema *ta!* kwenye meno. Hii iko ingali maziwa. Wiki tatu tena, pengine ine." Alikuwa amehesabu kwamba safari ya mumewe nayo ni wiki tatu, na kila asubuhi alitazama mawingu kama mtu anayeomba jua kwa mkopo.

Wiki ya pili alishikwa na malaria. Alilala ndani, meno yakigongana chini ya mablanketi mawili, nami nilimpelekea maji na kurudi kwenye jiwe langu. Siku hiyo tantini Sifa alikuja alasiri, akaingiza kichwa langoni bila kuingia mwili.

"Mwambie Faida, bwana yake wamemuona Rutshuru jana," alisema. "Kesho ao kesho kutwa iko hapa."

Akafunga. Nilisimama pale na ujumbe wangu mdomoni. Nilipaswa kuingia na kumwambia mgonjwa. Badala yake nilikwenda jikoni nikachukua kisu.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikisema nilikata kwa sababu niliogopa papa Musafiri ataziharibu. Si uongo, ila ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilipolishika shina la kwanza nililisikia moyoni kama mlango. Ahadi ilikuwa: zikikatwa, zikapurwa, unakwenda. Hakuna aliyesema nisikate mimi. Nilikata mstari wa kwanza nikilia, wa pili sikulia tena, na kufikia wa tano nilikuwa naimba ule wimbo wa shule niliousikia juu ya ukuta. Utomvu ulinitiririkia mpaka viwikoni. Nilikata yote saba, nikatandika mkeka, nikavipanga vichwa vyekundu vizuri, vimeelekea upande mmoja, kama mtu anayetarajia kusifiwa.

Mama mdogo alitoka jua likiwa halijazama, amejifunga blanketi, anajishikilia ukutani. Aliona mashina matupu. Aliona mkeka. Alikuja akapiga magoti, akachukua kichwa kimoja, akasugua, akaweka punje mdomoni. Akachukua kingine. Kingine. Niliona taya yake ikifanya kazi na nikangoja ile sauti, *ta*, nami sikuisikia.

"Tantini amesema papa anakuja kesho," nilisema. "Nimeona nitakusaidia."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa juu ya mkeka katikati ya vile vichwa, akaviweka viwili mapajani, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na mtu mwingine: "Mama, haiko tena."

Papa Musafiri hakuja kesho. Hakuja kesho kutwa. Aliyeonekana Rutshuru alikuwa dereva mwingine mwenye lori la rangi ile ile. Alikuja baada ya siku kumi na tisa, na siku zote hizo jua liliwaka juu ya Katindo kama lilivyokuwa halijawaka mwaka mzima, jua ambalo lingezikomaza lengalenga zikiwa zimesimama. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi mjukuu huyo aliniamkia kila asubuhi kwa siku kumi na tisa, nikitazama mashina yakikauka.

Lakini siku ya pili, homa ikiwa imepungua, mama mdogo aliniita. Alikuwa ameketi na sahani nyeupe ya bati. Alinionyesha kwamba kichwa cha lengalenga hakiivi chote pamoja. Maua ya chini hutangulia, na huko chini, katika kila kichwa, pengine kuna punje chache zilizowahi kukaza kabla ya kisu. Tulivining'iniza vichwa vyote chini ya paa, miguu juu, ili maji yaliyobaki kwenye mashina yateremke yakazilishe zile zilizokaribia. Tukangoja siku nne. Kisha tukasugua, kichwa kimoja kimoja, sehemu ya chini peke yake. Alipepeta kwa pumzi yake, akipuliza polepole, makapi yakiruka na kutunasa kwenye nywele. Tulizitia mbegu katika maji. Mbichi zikaelea, nzito zikazama. Tukamwaga zilizoelea na kuzianika zilizozama kivulini. Tuliifanya kazi hiyo siku tatu, goti kwa goti, na hakunisemesha zaidi ya ilivyohitajika. Haba na haba hujaza kibaba, husema watu. Yetu haikujaza kibaba. Ilijaza nusu ya glasi ya chai.

Akachukua punje kumi, akazilaza kwenye kitambaa kilicholowa ndani ya sahani, akaifunika. Siku ya tatu asubuhi aliifunua nami nikiwa nyuma ya bega lake. Nne zilikuwa zimetoa mkia mweupe, mfupi kuliko ukucha. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nilipokata. "Ine," alisema. Sikujua kama ni nyingi au chache. Yeye pia, nadhani, hakujua.

Papa Musafiri alipofika alikuta bustani ni tupu, akafurahi. Akiwa katika furaha hiyo alitaja kwamba wiki ile angepakia mbao Masisi. Mama mdogo aliweka sufuria chini. Alikuwa amemwomba mara nyingi safari ya huko, akazike walau kwa machozi, maana matanga ya nyanya yalikuwa hayajaondolewa, yakimngoja yeye.

"Unipeleke mie na mutoto," alisema.

"Mukienda wawili, nani atarudi?" Papa Musafiri alisema bila ukali, karibu kwa huzuni. "Fasi iko moja. Chagua. Ukienda wewe, mutoto anabaki hapa mupaka nikurudishe. Akienda yeye, wewe unabaki."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nakumbuka kwamba niliomba. Sikuomba haki itendeke, wala sikumwombea yeye aende kwenye kaburi la mama yake. Niliomba kwa nguvu zangu zote aseme jina langu.

"Riziki aende," alisema.

Alizishona mbegu katika pindo la kitenge changu, mshono wa ndani na wa nje. Asubuhi nilipanda kwenye lori nikiwa nimeshika pindo hilo kwa mikono miwili. Aliniaga akiwa ndani ya lango, tantini Sifa akiwa na ufunguo. Sikugeuka. Tulipopita Sake na barabara ikaanza kupanda, nilicheka peke yangu kwa furaha, na papa Musafiri akacheka pamoja nami, akanipa ndizi.

Mama alizipanda mbegu zile nyuma ya nyumba. Ziliota kwa taabu, chache na dhaifu, na msimu wa kwanza hatukula hata punje moja. Zote zilirudi udongoni. Msimu wa tatu tulijaza kibuyu, na majirani wakaja kuomba. Mama alikuwa akigawa kwa kijiko akisema, "Hii Faida ameitoa Goma." Nilirudi shule yetu ya mlimani, nikamaliza, na kila nilipopita mbele ya mistari ile nilitembea upesi.

Faida alikaa Katindo miaka sita zaidi. Alitoka siku ya salongo. Alisimulia kwamba tantini Sifa alikuwa amezeeka na amekaa kwenye jiwe kupumzika, na yeye alikuwa amefagia barabara mpaka mahali ambapo sehemu yao iliishia. Akaegemeza fagio kwenye mti, akaendelea kutembea upande wa Sake. Hakuna aliyemwita. Alilala Sake kwa watu asiowajua, na jioni ya siku ya pili akatokea kwetu, mikono mitupu, miguu imevimba, akauliza kaburi liko wapi. Papa Musafiri alikuja mara moja kumtafuta. Alikaa uwani, akanywa maji aliyopewa, akamtazama akipalilia bila kuinua kichwa, kisha akaondoka. Hakurudi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita wakati huo, na ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri wa kumuuliza. Tulikuwa shambani. Nikamwambia niliharibu mbegu yake, na nikampokonya safari yake, kwa nini alinichagua mimi.

Alifikiri, kama kwamba hajawahi kuulizwa. "Wewe ulikuwa ungali unalia," alisema. "Mie niliisha kuacha. Mutu mwenye kulia ndiye anaweza kutoka. Nilisema akitoka huyu kwanza, nitaona kama inawezekana."

Sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye, na nimerudi Goma, mtaa mwingine. Mji umejaa kupita kiasi. Mlima umetapika tena na tena, vita vimepita na kurudi, na kila nyumba ina ukuta mrefu kuliko ule wa Katindo. Sokoni lengalenga bado zinauzwa kwa mafungu, zimeng'olewa changa, na wauzaji wananishangaa ninapowauliza habari za mbegu nyeupe. Ninayo kidogo, naipanda kila mwaka katika mistari miwili, na ya porini naing'oa kwa ukali ule ule. Wajukuu wangu wanasoma. Wakilalamika kwamba shule ni mbali, nawafungia kamba za viatu. Na mama mdogo Faida yuko kwangu, mzee, macho yamefifia. Kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, anachukua fimbo yake na kutoka. Wakati mwingine anafika sokoni, wakati mwingine anafika kwenye kona tu na kusimama hapo akisalimia watu. Watoto wamezoea. Katika nyumba hii hakuna anayemuuliza anakwenda wapi, wala atarudi saa ngapi.